Kuona tumbo la uzazi kwa nguvu ya sauti

Mapadri na wakatekista wanaijua shida hii: bibi na bwana wanafika kwao, mimba zimetoka mara mbili, mara tatu, na jamaa ya mume inataka mke afukuzwe. Inafaa tujue waganga wanaweza kuona nini, tusishauri gizani.

Chombo chao kinatumia sauti inayotetemeka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde. Masikio ya watu hayaisikii. Sauti inaingia mwilini, inagonga nyama, inarudi kama mwangwi, na mashini inageuza mwangwi kuwa picha. Munganga Ian Donald wa Glasgow na wenzake walitangaza picha za namna hii mwaka 1958.

Picha ya kawaida ni sawa kipande kimoja cha mkate. Mashini mpya inakusanya vipande vingi na kuviunganisha. Hivi munganga anaona tumbo kwa urefu, upana na kina, hata kwa upande wa mbele, uliokuwa mgumu kuonekana zamani.

Faida yake nini? Wanawake wengine wamezaliwa na tumbo la uzazi lenye vyumba viwili. Nao si wa namna moja. Kwa wengine ukuta wa nje ni mzima, ila ndani kuna kiambaza. Kwa wengine tumbo lenyewe limegawanyika juu, sawa pembe mbili. Picha ya zamani ya mionzi inaonyesha vyumba tu, haionyeshi ukuta wa nje. Kiambaza kinaweza kukatwa. Lakini kukata katikati ya pembe mbili ni hatari ya kutoboa tumbo. Basi, picha nzima inamlinda mama na kisu kisichofaa.

Hata kiambaza kisikatwe kwa haraka. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha: katika wanawake 39 waliopangiwa kukatwa, 12 walizaa, katika 40 walioachwa, 14 walizaa.

Tena picha hii haipimi mbegu ya mume. Sharti naye apimwe. Kanisa, katika Donum Vitae ya mwaka 1987, linakubali matibabu yanayosaidia tendo la ndoa, si yale yanayolipokonya nafasi yake.

Basi, tuwatume wote wawili lopitali, na tuwaonye jamaa: mtu asimhukumu mke kwa jambo ambalo hakuna aliyelitazama bado.