Je, Wajua? Askari wa Dar es Salaam aliyeoa Berlin

Vita Kuu ya Kwanza iliyopita Mwanza, Shinyanga na Tabora mwaka 1916 iliwakuta askari wa jeshi la Wajerumani ambao baba zao walikuwa wageni. Wajerumani, wakoloni wa wakati huo, waliwaajiri Wasudani kuwa askari kupitia Misri tangu 1889, na wengi wao walioa na kulowea huku.

Mtoto wa mmoja wao, Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Aliingia jeshini akiwa mtoto wa miaka kumi hivi, akajeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa mwaka 1917. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake. Akajibiwa kwamba amechelewa. (Deni la jeshi nalo huchacha, kumbe!)

Hakurudi. Alihudumu mezani katika jumba la starehe, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, na Januari 1933 akamwoa Mjerumani, Maria Schwandner. Siku chache baadaye Hitler akashika madaraka. Nishani ya vita aliyoiomba alinyimwa.

Aliigiza katika filamu ya mwaka 1941 ya kumtukuza Carl Peters, mkoloni yuleyule ambaye huku aliitwa Mkono wa Damu. Mwaka huohuo Wanazi walimkamata, wakimtuhumu kwa uhusiano na mwanamke mwingine wa Kijerumani, kosa la kuchafua damu kwao. Alifia kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Tangu 2007, jina lake limo katika kibao cha shaba mtaa wa Brunnenstraße, Berlin.