Samaki Mbichi Milimani

Wengi wanaoandika kuhusu Abagusii hutaja ng'ombe, wimbi na mboga ya chinsaga, kisha samaki wakamwachia jirani Mjaluo. Ukiitazama ramani utaona kwa nini: Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima, na Ziwa Viktoria liko mbali bondeni. Hata hivyo, nashikilia kwamba samaki ni wa mila ya Omogusii tangu zamani, na kwamba hamu ya leo ya kumpata akiwa mbichi, matamvua yakiwa bado mekundu, imechipuka kwenye shina hilo hilo.

Masimulizi ya wazee, ambayo William Ochieng' aliyakusanya katika kitabu chake cha historia ya Wagusii cha mwaka 1974, yanasema mababu walipita Mlima Elgon, wakakaa Kisumu na nyanda za Kano kabla ya kupanda milimani. Watu walioishi kando ya ziwa vizazi kadhaa hawakosi kujua ladha ya samaki. Abanchari, mojawapo ya koo za Abagusii, hadi leo wana kiboko kuwa mnyama wa ukoo wao, na kiboko si mnyama wa vilimani. Hata baada ya kuhama, njia haikufungwa. Wimbi la Gusii liliteremka kwa Wajaluo, hasa miaka ya njaa kule chini, na samaki wakapanda. Walipanda wakiwa wakavu kwa sababu safari ilikuwa ya miguu na jua lilikuwa kali. Ukavu huo ulitokana na umbali, wala haukuwa chaguo la ulimi. Aliyetaka mbichi alishuka mto Gucha au Sondu na ndoana yake, akaridhika na kambare au visamaki vya mtoni.

Yupo atakayesema kwamba mila ni kilichorithiwa, na mabwawa ya kufugia samaki hawa mbichi milimani yaliletwa na serikali. Ni kweli kwamba mwaka 2009 mpango wa kuchochea uchumi uliagiza mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi, na Gusii ikapata fungu lake. Lakini mahindi nayo yalikuja, na nani leo atakataa kwamba obokima, yaani ugali, wa mahindi ni chakula cha Mkisii? Jamii hurithi pia namna ya kupokea, na hapa kilichopokelewa kilikuta hamu iliyokuwapo tayari.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mabwawa yaliyokauka au kuota nyasi ruzuku ilipokwisha. Wengine huyachukua kuwa ushahidi kwamba Mkisii hana moyo wa samaki. Mimi naona sababu ziko kwenye maji na mfuko. Ngege hukua vyema maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30, na maji ya vilimani huwa baridi kuliko hapo; atachelewa kufikia uzito wa kuuzwa huku akila chakula cha dukani kila siku. Shamba lenyewe limegawanywa kwa wana mpaka chai, migomba na nyasi za ng'ombe vinagombea kipande kimoja. Kituo cha utafiti cha Kegati, nje kidogo ya mji wa Kisii, kinashughulika na mambo haya haya ya vifaranga na malisho, na huko ndiko fedha za kaunti zinakostahili kwenda kabla ya kuchimba bwawa jingine hata moja.