Basi la Shule Limepatikana, na Dereva Je?

Maombi ya basi la shule yanayofika ofisini kwetu huwa na bei ya gari, bima na pengine hata rangi ya njano. Dereva huandikiwa mstari mmoja tu: mshahara. Tunaziomba kamati za sharika zenye shule, pamoja na marafiki wanaotusaidia kununua magari, tuutazame mstari huo kwa makini.

Tuchukue mfano wa siku ya kawaida. Dereva anawasha gari saa 11:00 alfajiri ili watoto wote wawe shuleni saa 1:15. Alasiri anaanza kuwarudisha saa 9:30, anawafikisha wa mbali, anaosha gari na kukabidhi ufunguo saa 12:30 jioni. Wengi husema huyu anafanya kazi asubuhi kidogo na jioni kidogo, na ndivyo anavyolipwa. Lakini hadi alfajiri ya pili zimebaki saa 10 na nusu tu, na ndani yake kuna safari ya nyumbani, chakula na familia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Yanaweza kupunguzwa hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi, iwapo katikati ya kazi kuna nafasi ya saa 3 au zaidi, au mfanyakazi anaishi hapo kazini. Basi la shule lina nafasi hiyo mchana. Tatizo ni kwamba mchana ndipo dereva anapotumwa mahindi ya jikoni, kuni, benki, na wakati mwingine (tuseme kweli) viti vya harusi ya mjumbe wa kamati. Hapo ruhusa ya kupunguza mapumziko imekwisha. Hata tukitoa saa moja ya chakula, amefanya kazi saa 12 na nusu, wakati sheria inaishia saa 12 pamoja na za ziada. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na ile ya kabla ya saa 12 asubuhi ni ya usiku, ina nyongeza ya asilimia 5.

Tarehe 6 Mei 2017 basi la shule lilitumbukia korongoni wilayani Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Hatusemi kwamba chanzo kilikuwa uchovu. Ila baada ya ajali kama hiyo sote huuliza breki na matairi, na ni vema. Dereva alilala saa ngapi, ni nadra kuuliza.

Kwa hiyo ombi la basi tutapenda lije na mkataba wa dereva ulioandikwa, ratiba ya saa zake, na mpango wa nani atashika usukani akiugua. Wafadhili nao watuulize hayo kabla ya kutoa fedha. Shule yenye uwezo mdogo ianze na mahindi: kukodi pikapu mara moja kwa juma ni nafuu kuliko kuajiri dereva wa pili, na dereva wa watoto atapata kujinyoosha mchana.