Meli Kubwa au Boti ya Mwendo Kasi? Mwongozo kwa Anayevuka Kwenda Unguja kwa Mara ya Kwanza

Kisiwa cha Pemba kiko kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya Unguja, na bahari iliyo baina ya visiwa hivi ni ya kina kirefu na yenye mkondo mkali. Msafiri anayefika bandarini Mkoani au Wete hukuta vyombo vya namna mbili vyenye ruhusa ya kumvusha. Ipo meli kubwa ya abiria na mizigo, nzito, yenye sitaha kadhaa, inayokwenda taratibu. Ipo pia boti ya mwendo kasi, nyepesi zaidi, inayofupisha safari kwa kiasi kikubwa. Aliyezoea kusafiri huchagua kwa mazoea. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya yule ambaye hajawahi: kijana aliyepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, mgonjwa aliyeandikiwa kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, bibi anayekwenda kumtazama mjukuu aliyezaliwa Unguja.

Suali la kwanza la msafiri wa namna hiyo huwa moja: kipi kina usalama zaidi, kikubwa au kidogo? Ni suali la haki, hasa hapa Pemba, ambako ni vigumu kupata kijiji ambacho hakikuguswa na msiba wa bahari. Hata hivyo, ukubwa wa chombo peke yake haulijibu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Sikukuu ya Idi, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitokea Unguja kuja Pemba. Ilikuwa meli kubwa kwa kipimo cha njia hii. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria wapatao 600, lakini tume iliyoundwa kuchunguza ilibaini kwamba usiku ule walikuwemo watu zaidi ya 2,000, pamoja na mizigo. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, kikiwa kimebakiza mwendo mfupi tu kufika gati la kisiwa cha Ukara. Chenyewe kilikuwa kidogo, chenye ruhusa ya kubeba watu 101, na waliokufa ni zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Kimoja kikubwa, kimoja kidogo. Kimoja katika bahari kuu, kimoja katika maji ya ziwa. Vyote viwili vilipakiwa watu wengi kuliko uwezo wake.

Kwa hiyo msafiri asianze kwa kuuliza chombo kina ukubwa gani. Aulize kwanza kimeruhusiwa kubeba watu wangapi, na leo kimebeba wangapi.

Kwa nini idadi ya watu ni jambo kubwa

Chombo husimama wima majini kwa sababu uzito wake mwingi uko chini. Manahodha wa majahazi walilijua hilo tangu zamani: jahazi lisilo na shehena hutiwa farumi, yaani mawe au mchanga chini kabisa, ili lisilale upande upepo unapolipiga. Meli ya chuma haina tofauti katika hili. Abiria wanapojazana sitaha ya juu, uzito hupanda juu pamoja nao, na chombo ambacho jana kiliinama na kurudi wima, leo kitainama na kuchelewa kurudi. Mizigo iliyowekwa upande mmoja au isiyofungwa huongeza hatari hiyo, kwani ikiporomoka huporomokea upande ule ule ambao chombo kimeshalalia. Vivyo hivyo watu. Wakikimbilia ubavu mmoja ili wateremke upesi, au kwa hofu tu, wao wenyewe huwa ndio shehena iliyoporomoka.

Msafiri asiye na elimu ya unahodha anaweza kuyaona mengi kati ya haya akiwa bado gatini. Meli kubwa huchorwa ubavuni duara lililokatwa na mstari, na pembeni mwake mistari mingine midogo. Alama hizo huonyesha kina ambacho meli inaruhusiwa kuzama inapopakiwa. Zote zikiwa zimeshafunikwa na maji, meli imebeba kupita kiasi, na hakuna haja ya kumwuliza mtu. Chombo kilicholala upande kingali kimefungwa gatini nacho kinajieleza chenyewe. Aidha, watu wakiwa wameketi katika ngazi, katika vijia na juu ya mizigo kwa kukosa viti, basi idadi imepita. Abiria anayeteremka katika hali hiyo na kudai nauli yake hafanyi woga. Atapoteza siku moja, pengine na sehemu ya fedha zake.

Kuyumba na kulewa bahari

Idadi ikiwa sawa, hapo ndipo ukubwa unapokuwa na maana, na maana yake zaidi ni starehe. Meli nzito huyumba polepole. Huinuka na kushuka kwa mapana, na mwili wa mtu hupata nafasi ya kuizoea. Boti ya mwendo kasi huyakata mawimbi, lakini bahari ikichafuka hurushwa na kugonga maji, na mshtuko wake ni wa ghafla. Kwa upande mwingine, safari yake ni ya saa mbili au tatu, ilhali meli huweza kuchukua muda mara mbili ya huo au zaidi. Mtu hupaswa kujijua mwenyewe: yupo anayestahimili taabu kali iliyo fupi, na yupo ambaye heri kwake taabu ndogo iliyo ndefu. Kwa mzee, kwa mjamzito, kwa mgonjwa wa mgongo au aliyetoka kupasuliwa, sisi tunaelekea upande wa meli kubwa, kwa sharti kwamba nafasi ya kujinyoosha imelipiwa mapema na kwamba daktari amekubali safari yenyewe.

Popote utakapopanda, mahali pa kukaa ni muhimu takriban sawa na chombo chenyewe. Katikati ya chombo, karibu na usawa wa maji, ndiko kusikoyumba sana. Omo, yaani sehemu ya mbele, hupanda na kushuka kuliko sehemu zote. Wasafiri wengi wageni huipenda kwa ajili ya upepo na mandhari, na hapo pana hatari isiyohusu kichefuchefu. Mwezi wa Januari 2014, boti ya mwendo kasi iliyokuwa ikitoka Pemba ilipigwa na wimbi kubwa karibu na Nungwi, na baadhi ya abiria waliokuwa wameketi nje sehemu ya mbele wakachukuliwa na maji. Boti haikuzama, iliendelea hadi Unguja. Mabaharia wakikwambia uondoke omo uingie ndani, ondoka.

Dawa za kuzuia kichefuchefu hupatikana madukani, na humezwa kabla ya kuondoka. Anayezimeza baada ya kuanza kutapika amechelewa. Nyingi huleta usingizi, na mjamzito asizitumie bila ya kumwuliza mwuza dawa au mkunga. Usipande na njaa kabisa, wala usipande ukiwa umeshiba pilau. Wengi hubeba ndimu au tangawizi, na hakuna ubaya.

Misimu ya upepo

Mpemba hahitaji kufundishwa kusi na kaskazi, lakini si kila mtu amewahi kuzipima kwa jicho la abiria. Kusi huwa kali zaidi baina ya Juni na Agosti, na huo ndio wakati ambao boti ndogo hupata taabu zaidi. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, katika upepo mkali. Boti hiyo ilijengwa Marekani kwa ajili ya kuvusha abiria katika maji ya ndani yaliyokingwa na nchi kavu, huko Puget Sound. Tofauti hiyo haionekani kwa kutazama rangi wala viti, lakini msafiri ana haki ya kuuliza, na wakala anayejua chombo chake hatachukia kuulizwa.

Kaskazi nayo isikudanganye kwa kuwa jua linawaka. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na upepo wa kaskazi huupinga uso kwa uso. Maji na upepo vikipingana, mawimbi huwa mafupi, yenye kusimama, na hasa pale Nungwi ambako chombo hutoka katika kinga ya kisiwa na kuingia katika bahari wazi. Ajali ya 2014 ilitokea katika msimu huu. Aliye na hiari ya tarehe, na ambaye hii ni safari yake ya kwanza, achague kipindi cha utulivu baina ya misimu. Asiye na hiari asikilize taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania jioni ya kuamkia safari. Ikitolewa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, mwenye boti ndogo akaghairi, hilo ni jambo la kumshukuru, hata kama harusi inasubiri ng'ambo.

Mizigo na mfuko

Anayehamia Unguja na godoro, kitanda na magunia ya ndizi hana la kuchagua: njia yake ni meli. MV Mapinduzi II, iliyojengwa Korea Kusini na kuwasili Zanzibar mwishoni mwa 2015, ilitengenezwa kubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Boti ya mwendo kasi ni ya mtu na begi lake. Kabla ya kulinganisha nauli, hesabu na gharama ya mzigo, wachukuzi wa pande zote mbili, na usafiri wa kukufikisha bandarini. Kwa anayetoka Konde au Micheweni, meli ya nauli ndogo inayoondoka Mkoani alfajiri huweza kumgharimu zaidi ya boti ya nauli kubwa, ikiwa itamlazimu kulala njiani.

Lipo pia chaguo la tatu ambalo halimo katika ubao wa nauli, nalo ni mashua au jahazi la mizigo linalokubali kuchukua watu, mara nyingi kuelekea Tanga. Mtu aliyekulia Kojani au Makoongwe, aliyevushwa kwa dau tangu utotoni, huona ni jambo la kawaida. Kuvuka mlango mdogo wa maji mbele ya kijiji si sawa na kuvuka bahari iliyoko baina ya Pemba na Bara. Chombo kisichosajiliwa kwa abiria hakina orodha ya majina, na kikichelewa kufika hakuna afisa anayejua kwamba kuna watu wa kutafutwa. Hilo hatulipendekezi kwa bei yoyote.

Tiketi

Nunua tiketi dirishani au kwa wakala anayejulikana, si kwa mtu anayekufuata gatini akisema chombo kimejaa ila yeye anayo moja. Chombo kikiwa kimejaa kweli, tiketi hiyo ndiyo inayokifanya kipitilize. Hakikisha jina lililoandikwa ni lako, kama lilivyo katika kitambulisho. Usisafiri kwa tiketi ya ndugu yako aliyeghairi, kwani likitokea la kutokea, wataarifiwa wengine na wako hawatajua. Mtoto mchanga naye aandikwe, hata kama halipiwi. Baada ya misiba mikubwa, ugumu mmojawapo huwa ni huu wa watoto waliopakatwa bila ya kuhesabiwa.

Uliza kabla ya kulipa: safari ikiahirishwa kwa hali ya hewa, fedha hurudishwa au tiketi huhamishiwa siku nyingine? Mzigo ukipotea, nani anawajibika, na je, nipewe stakabadhi yake? Ukishapanda, tafuta jaketi la kujiokolea lilipo, livae mara moja ili ujue kamba zake zinavyofungwa, na kama una mtoto uliza la kipimo chake, maana la mtu mzima humtoka. Angalia mlango wa pili wa kutokea uko wapi. Yote haya huchukua dakika tano, na kwa kawaida meli haiondoki kabla ya hapo.

Ukiona chombo kimejaza kupita kiasi, taarifu maafisa wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar waliopo bandarini kabla hakijang'oa nanga. Malalamiko ya nauli, ya tiketi iliyouzwa mara mbili au ya huduma uliyolipia usiipate, yapelekwe kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Kipande cha tiketi unachobaki nacho mkononi ndicho ushahidi wako, kwa hiyo kihifadhi mpaka utakapokuwa umefika, umepokea mizigo yako yote, na umeihesabu.