Viza huanza kwa cheti cha kuzaliwa

Anayetoka Uvira, Kongo, kutafuta shule au kazi ng'ambo huulizia kwanza nchi: Ubelgiji, Kanada, Marekani. Mimi humwuliza kwanza jina lake limeandikwaje. Chukua kijana wa Mulongwe ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema Amisi Byamungu, Diplôme d'État yake ya sekondari inasema Byamungu Amisi, na kadi ya mpiga kura imemwongezea Jean. Mtaani kwao ni mtu mmoja. Kwa afisa wa viza ambaye hajawahi kumwona, hizo ni karatasi za watu watatu, na faili linaweza kufungwa kabla hata akiba ya mzazi haijatazamwa.

Mkanganyiko huu una historia. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo, familia zikashika jina na post-nom, yaani jina la pili linalolifuata. Baadaye majina ya ubatizo yakarudi, lakini kila ofisi ikayaandika kwa mpangilio wake. Fomu za ng'ambo nazo kwa kawaida zina nafasi mbili tu, ya jina la ukoo na ya majina mengine. Jaza kama yanavyosomeka kwenye ile mistari miwili ya herufi na alama za << iliyo chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti, maana hiyo ndiyo ambayo mashine ya mpakani huisoma.

Kwa hiyo pasipoti isitangulie. Ya kibayometria ilianza kutolewa mwaka 2015 kwa dola 185, na ingawa bei imeshushwa tangu hapo, bado ni ghali mno kuchapishiwa makosa. Kinachotangulia ni état civil, yaani uandikishaji wa kuzaliwa. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto. Zikipita, njia halali ni kwenda mahakamani kuomba jugement supplétif, hukumu inayosimama badala ya tangazo lililokosekana. Iombe mapema. Hukumu iliyopatikana wiki moja kabla ya kuomba viza humfanya afisa ajiulize kwa nini mtu wa miaka 24 amezaliwa juzi. Wengi waliovuka kwenda Burundi Desemba 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, waliziacha karatasi zao nyumbani. Kila karatasi unayoipata upya, ipige picha na umtumie ndugu anayeishi mbali nawe.

Hapo ndipo tunaweza kuzungumzia viza yenyewe. Nchi za Schengen zina mbili ambazo watu huzichanganya. Viza ya C ni ya matembezi: siku 90 ndani ya kila siku 180, na ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukikataliwa. Viza ya D ni ya kukaa, nayo ndiyo ya mwanafunzi na mfanyakazi. Komisioneri, yaani wakala wa viza, atakuambia uchukue C kwa sababu ni ya haraka, mengine utayapanga ukifika. Usimsikilize. Anayeomba matembezi huku moyoni anakwenda kusoma ameanza kwa kudanganya, na alama za vidole vyake hubaki kwenye mfumo wa Schengen kwa hadi miaka mitano.

Kwa Ubelgiji, mwanafunzi huhitaji barua ya shule, uthibitisho wa fedha na rekodi safi ya mahakama. Mdhamini akiwa ndiye atakayemlipia, hutia sahihi fomu iitwayo annexe 32. Anayekwenda chuo cha upande wa Kifaransa na Diplôme d'État huomba pia ilinganishwe na cheti cha sekondari cha kule, na tarehe ya mwisho huwa katikati ya Julai. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu diploma yenyewe huchelewa kutoka Kinshasa.

Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka ufuko wetu, na ofisi zinazopokea maombi ya viza za Schengen ziko huko. Bujumbura unaiona kwa macho ng'ambo ya ziwa, lakini balozi za Schengen kwa kawaida hupokea wanaoishi kihalali katika nchi zilipo, si aliyevuka mpaka wa Kavimvira asubuhi. Kosa la herufi moja likigunduliwa baada ya tiketi ya ndege kulipwa, familia nzima inalilipia.

Marekani ina mtazamo wake. Sheria humtaka afisa amchukulie mwombaji wa viza ya mwanafunzi, F-1, kuwa ana nia ya kuhamia kabisa, mpaka mwombaji amwonyeshe vinginevyo. Mahojiano ni ya dakika chache. Ueleze kwa maneno yako unakwenda kusoma nini, nani analipa, na utarudi kufanya nini.

Upande wa kazi, mwajiri ndiye anayeanza. Ukiambiwa uende nchi za Ghuba kwa viza ya utalii kisha kazi itapatikana, hapo hakuna kazi. Katika mfumo wa kafala wa huko, ukaaji wa mfanyakazi umefungwa kwa mwajiri, na mtumishi wa nyumbani anayetoroka mateso huweza kuhesabiwa mkosaji. Binti asisafiri bila mkataba wenye jina la mwajiri na mshahara, ulioandikwa kwa lugha anayoielewa.

Kuhamishiwa nchi ya tatu kama mkimbizi si viza. Hakuna anayeomba nafasi hiyo kwa pesa, iwe katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au kwingine. Anayeiuza ni mwizi.

Mlango ambao watu wetu huupuuza uko karibu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inawataja wanafunzi na wafanyakazi waziwazi. Utekelezaji hautoshi bado, na kila nchi ina kibali chake cha masomo na cha kazi. Hata hivyo chuo cha Kigoma au Dar es Salaam hakikudai akaunti ya benki ya Ulaya, na Kiswahili unacho tayari.

Ukikataliwa Schengen utapewa fomu yenye sababu zilizotiwa alama, na una haki ya kukata rufaa. Isome kabla ya kuomba tena. Ikiwa alama iko kwenye fedha, barua mpya ya shule haitasaidia. Ikiwa iko kwenye lengo la safari, dola za ziada benki hazitasaidia.