Usimamizi wa matukio ya maunzi katika OpenBMC

Usimamizi wa matukio ya maunzi katika OpenBMC ni utaratibu ambao programu huria ya OpenBMC hutumia kutambua, kuandika na kutangaza hitilafu za vifaa vya seva. Mifano ya hitilafu hizo ni joto kupita kiasi, feni kusimama au umeme kushuka. Maunzi ni sehemu za kompyuta zinazoshikika kwa mkono.

Chipu ya BMC

Seva nyingi zina chipu ndogo kwenye bodi mama inayoitwa kwa kifupi BMC. Chipu hiyo ni kompyuta ndani ya kompyuta: ina prosesa, kumbukumbu na programu yake yenyewe. Hufanya kazi hata seva ikiwa imezimwa, mradi umeme unafika kwenye mashine. Kwa mfano, kama seva iko katika ofisi ya kata ya Matongo, wilayani Tarime, na fundi wake yuko Musoma, BMC humwezesha kujua hali ya seva na hata kuizima au kuiwasha bila kusafiri, ilimradi mtandao upo.

Historia

Mwaka 1998 kampuni za Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC zilitoa kanuni za IPMI, ambazo zilieleza jinsi BMC inavyotunza daftari la matukio. Kila tukio liliandikwa kwa baiti 16 tu, hivyo maelezo yalikuwa machache na ya mafumbo. Mwaka 2015 shirika la viwango DMTF lilitoa kanuni mpya za Redfish, zinazotumia maandishi yanayosomeka na njia za kawaida za intaneti.

OpenBMC ilianza mwaka 2014 kwa kazi ya watengenezaji programu wa Facebook. Mwaka 2018 ikawa mradi wa Linux Foundation, ukiungwa mkono na Facebook, Google, IBM, Intel na Microsoft. Msingi wake ni mfumo wa Linux.

Kutoka kipimo hadi tukio

Kihisi cha joto hutoa namba kila mara, lakini namba si tukio. Tukio hutokea namba inapovuka mpaka uliowekwa. Kwa kawaida huwa kuna mpaka wa onyo na mpaka wa hatari.

Tuseme mpaka wa hatari ni nyuzi 85 za Selsiasi. Joto likipanda na kushuka kati ya 84 na 86, mfumo usiopangwa vizuri utaandika tukio jipya kila mara, na daftari litajaa kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo huwekwa pengo la kurudi: tukio hufunguliwa joto likivuka 85, lakini halifungwi mpaka lishuke, kwa mfano, hadi 82. Hivyo hitilafu moja huwa na mwanzo mmoja na mwisho mmoja.

Pia sharti programu iangalie hali ya seva. Feni iliyosimama wakati seva imezimwa si hitilafu. Methali husema, "Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo." Mbiu ikilia kila saa pasipo jambo, watu huacha kuisikiliza, na siku ya jambo lenyewe hakuna anayetoka.

Mgawanyo wa kazi

Ndani ya OpenBMC, programu ndogo nyingi huwasiliana kwa njia ya D-Bus. Moja husoma vihisi na kutangaza mabadiliko; nyingine huandika daftari; nyingine huendesha feni; nyingine hupeleka habari nje. Anayesoma kihisi hahitaji kujua ni nani anayesikiliza. Kwa hiyo mtengenezaji wa seva anaweza kuongeza kifaa kipya bila kuandika upya mfumo wote.

Kinga hutenganishwa na taarifa. Joto likipanda, feni huongezewa kasi papo hapo bila kusubiri mtandao wala amri ya mtu. Kihisi kikikosa kusomeka, mfumo hauchukulii kuwa hali ni njema, bali unaweza kupandisha kasi ya feni kwa tahadhari.

Daftari la matukio

Umeme ukikatika kabisa, BMC nayo huzimika. Kwa hiyo matukio muhimu huhifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyofutika. Hata hivyo, kumbukumbu ya aina hiyo ina nafasi ndogo na huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi mno. Ndiyo maana idadi ya matukio yanayotunzwa huwekewa kikomo, na ya zamani hufutwa ili kupisha mapya.

Baadhi ya BMC hazina saa inayotunza wakati bila umeme. Zikiwaka tena, tarehe inaweza kuwa si sahihi mpaka zipate saa kutoka mtandaoni. Nambari ya mfululizo kwa kila tukio humsaidia fundi kujua lipi lilitangulia.

Mpangilio huo ni muhimu katika kutafuta chanzo. Kifaa kimoja cha kugawa umeme kikiharibika, vihisi vingi vinaweza kulia kwa pamoja. Fundi akiona tukio la mwisho tu, anaweza kubadilisha feni nzima na kuacha kifaa kibovu.

Kupeleka taarifa

Kwa njia ya Redfish, kompyuta ya msimamizi hujiandikisha kwa BMC ili ipelekewe matukio yanapotokea, badala ya kuuliza kila mara. Mtandao ukikatika, BMC inaweza kujaribu tena mara kadhaa, lakini haiwezi kuhakikisha kwamba ujumbe umefika. Hivyo ujumbe huchukuliwa kama wito tu, na daftari hubaki kuwa ushahidi. Mtandao ukirudi, kompyuta ya msimamizi inapaswa kulisoma daftari kuanzia tukio la mwisho iliyopokea.