Ombi la adhabu mpya likikataliwa, mfungwa wa mauaji ana siku 14 tu

Mfungwa aliyehukumiwa kunyongwa anapoomba apangiwe adhabu nyingine na jaji akamkatalia, siku zinaanza kuhesabiwa papo hapo. Nchini Kenya, kanuni za Mahakama ya Rufaa zinampa siku 14 kuwasilisha notisi ya rufaa. Zikipita, inambidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze kwa nini alichelewa.

Mlango wa kuomba adhabu mpya ulifunguliwa tarehe 14 Desemba 2017. Francis Karioko Muruatetu na Wilson Thirimbu Mwangi, waliokuwa wamepatikana na hatia ya mauaji, walifika Mahakama ya Juu wakipinga kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomlazimu jaji kutoa hukumu ya kifo na si nyingine.

Majaji walikubaliana nao. Walisema ni kinyume cha Katiba kumfunga jaji mikono kabla hajasikia utetezi wa mshtakiwa kuhusu adhabu. Hata hivyo, hukumu ya kifo haikufutwa. Kilichoondolewa ni ulazima wake.

Mlango wapunguzwa

Baada ya hapo maombi yalimiminika mahakamani, yakiwemo ya wafungwa wa wizi wa mabavu, kosa ambalo nalo adhabu yake ni kifo. Baadhi yao walipunguziwa vifungo. Lakini tarehe 6 Julai 2021, Mahakama ya Juu ilifafanua kuwa uamuzi wa Muruatetu unahusu mauaji peke yake. Waliohukumiwa kwa makosa mengine waliambiwa wafungue kesi zao wenyewe.

Maelekezo hayo yalitaja pia mambo ya kupimwa: umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama alikiri, kama anajutia, na kama anaweza kurekebika. Upande wa pili, jaji anaangalia namna marehemu alivyouawa na majeraha yaliyobaki kwa familia yake. Kwa hiyo cheti cha ufundi alichopata mfungwa gerezani kinapimwa pamoja na machozi ya waliofiwa.

Rufaa inaangalia nini

Kusikilizwa upya kwa adhabu si kesi mpya. Hatia inabaki palepale, na mfungwa anayetumia nafasi hiyo kudai kwamba hakuua anapoteza muda wake.

Akikataliwa na Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa haitabadilisha adhabu kwa sababu tu majaji wake wangetoa nyingine. Ni lazima ionekane kwamba jaji alikosea kisheria, alisahau jambo muhimu, alizingatia jambo lisilohusika, au alitoa adhabu kali kupita kiasi.

Jambo ambalo mfungwa hapaswi kusahau kulikagua ni miaka ya rumande. Kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinataka muda huo uzingatiwe. Kwa mtu aliyekaa mahabusu miaka mitano akisubiri hukumu, hilo laweza kuwa tofauti ya miaka mitano ya maisha yake.

Mfano wa Kigula

Uganda ilitangulia. Tarehe 21 Januari 2009, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa hukumu ya kifo ya lazima katika kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400. Kigula, aliyehukumiwa kwa kumuua mwenzi wake, alirudishwa Mahakama Kuu, akapewa miaka 20 mwaka 2011 na kutoka gerezani Januari 2016. Akiwa ndani alisomea sheria kupitia Chuo Kikuu cha London.

Kwa wakazi wa mashariki mwa Kongo, kuanzia Kalengera hadi Goma, habari hizi si za mbali. Machi 2024 serikali ya Kinshasa iliondoa zuio la kunyonga lililodumu tangu 2003. Kifungu cha 21 cha Katiba ya Kongo kinampa kila mtu haki ya kukata rufaa, lakini muda wake huhesabiwa kwa siku, si kwa miezi. Familia inayongoja hadi ipate pesa za wakili inaweza kukuta siku zimekwisha. Jambo la kwanza kuuliza siku hukumu inaposomwa ni hili: mwisho wa rufaa ni tarehe ngapi?